Nilimfasiria Utani wa Yama, Akaupeleka kwa Wakubwa

Msomaji huyu anaishi kando ya Ziwa Mweru. Ametuomba tusimtaje, na majina yote tumeyabadili. Tumeyaacha maneno yake kama alivyoyaandika.

Hili sijamwambia mtu, hata mama aliyenizaa. Nyumbani wote wanajiuliza ni nani aliyepeleka maneno ya mjomba wangu kwa wakubwa. Mimi namjua. Alikuwa anakula kwetu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mtu wa haya sana. Mwalimu akiniuliza swali, jasho linatangulia jibu. Mama ni mtu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Marehemu baba alikuwa wa hapa Nchelenge. Shule nilianza kule kwa Kifaransa, nikaendelea huku kwa Kiingereza, na Kiswahili nilikipata kwa akina mama wanaonunua samaki. Sasa nasoma siasa chuoni, mwaka wa kwanza. Anayetulisha tangu baba afe ni kaka yake mama. Tunamwita Yama, kama Wabemba wanavyomwita mjomba. Ana mtumbwi na nyavu zake, na hati za kukaa huku anazipata kwa shida.

Chuo chetu hakitaki siasa zibaki darasani. Wakati wa likizo wanatutuma tukae na watu, tuone uongozi unavyofanyika, kisha tueleze mbele ya wageni wa serikali. Anayeeleza vizuri anapelekwa Lusaka kujifunza kazi Bungeni. Nilitumwa huku kwetu na mwenzangu, nitamwita Davidi, kijana wa kusini asiyejua Kibemba wala Kiswahili. Mimi nikawa mdomo wake. Yama alimwachia kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka sebuleni. Na niseme ukweli, Davidi nilimpenda kidogo. Nikikwama katikati ya maneno alikuwa ananisubiri. Watu wengi hawanisubiri.

Siku moja tulikuwa ufukweni wanaposhusha samaki. Akaja mwenyekiti wa tawi la Chama. Yeye ni wa ukoo wa Samaki, Yama ni wa ukoo wa Mamba, na koo hizo ni watani tangu mababu, pande zote mbili za ziwa. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkeo, ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Yama akamwambia, "Karibu, chakula yangu. Leo siku yako imefika. Tutakutupa mu maji na ile kiti yako ya mwenyekiti, na hapana mutu atalia."

"Mamba gani weye, meno iliisha," mwenyekiti akajibu. "Ukikufa nitakuzika kichwa chini, ushindwe kutoka."

Akainama, akachagua makobo mkubwa kuliko wote katika samaki wa Yama, akaondoka naye bila kuuliza bei. Ndivyo mtani anavyofanya. Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilimfasiria Davidi kila neno, na nikamweleza utani wenyewe. Akacheka pia. Akasema, "Hata kwetu tuna watani. Bibi yangu alizikwa na watani." Kwa hiyo alijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Tulikubaliana aeleze jinsi utani unavyomwezesha mtu mdogo kumwambia mkubwa lolote bila ugomvi. Siku ya wageni, katika ukumbi wa hapa walikoalikwa viongozi na wanafunzi tu, Davidi akasimama, Kiingereza chake kimenyooka, akasema kwamba hapa ufukweni kuna mgeni kutoka ng'ambo ametishia hadharani kumzamisha kiongozi wa Chama, na wananchi wakamshangilia. Mgeni mmoja akamuuliza mwenyekiti kama maneno hayo yalisemwa. Mwenyekiti, yule aliyekula makobo wetu, akatazama viatu vyake. "Yalisemwa," akajibu, basi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Mdomo niliufungua. Sauti haikutoka.

Yama ameambiwa arudi kwao mwisho wa mwezi. Nyavu anazikunja polepole, hamlaumu mtu. Mama ndiye anayelia. "Mutu alisikia, akauzisha kaka yangu. Mungu atamuona." Davidi alikuwa amekaa naye meza moja, anachambua miiba.

Nilimfuata nje. Nikamwambia, nilikueleza kuwa ni utani.

"Sikuongeza neno hata moja," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifasiria."

"Ulijua."

"Utani hauwezi kunifikisha Lusaka. Sikiliza, nimekuombea nafasi ya pili ya kwenda huko. Mwalimu atakuita Jumatatu uthibitishe yaliyosemwa. Jibu ndiyo tu. Wewe si hupendi kusema mengi?"

Kisha akaondoka kurudi chuoni, amebeba samaki wakavu aliofungiwa na mama.

Ndugu wasomaji, nikijibu ndiyo, nitaenda Bungeni, na Yama atavushwa ziwa kama mwizi. Nikisema ulikuwa utani, nitakuwa nimewaambia wakubwa kwamba walidanganywa, na kwamba mwenyekiti aliwaficha ukweli. Naogopa chuo kitanifukuza. Na Yama akiondoka na mimi sina chuo, mama atakula nini? Tena naogopa nikisimama mbele yao sauti itanikimbia kama siku ile. Dada zangu, kaka zangu, mliowahi kuuzwa na mtu mliyemwamini, nishaurini. Jumatatu nijibu nini?

Karatasi hii nimekuwa nikiificha chini ya mkeka kila anapopita mtu. Sasa nasikia hatua mlangoni. Ni za Yama, anaburuta ndala zake. Anasoma Kiswahili vizuri, alifundishwa na mapadri. Leo siifichi, naiacha hapa mezani, upande wenye maandishi juu. Amefungua mlango.