Kamba iliyopinda ilivyomrudisha Rehema kwenye kipindi changu cha michezo

Wakuu, heshima kwenu. Hili sikusimuliwa, limenitokea mwenyewe, na hapa naandika huku nacheka peke yangu.

Mimi ni ticha wa shule ya msingi huku Zombo, Kilosa. Darasa la sita, michezo kila Alhamisi.

Staili yangu ilikuwa ya kijeshi. Filimbi mdomoni, kila kitu naamua mimi. Kuruka juu nafunga kamba ya katani, upande mmoja kwenye goli, mwingine kwenye nguzo niliyoichimbia. Ukiigusa umetoka, kakae pembeni.

(Nami nilifundishwa hivyohivyo, msinicheke.)

Sasa kuna binti anaitwa Rehema, mfupi, mpole. Kila wiki anatoka raundi ya kwanza, anakaa kuangalia wenzake mpaka kipindi kiishe.

Mwisho akaanza kutoroka. Alhamisi nzima haji, hata hesabu anakosa. Alhamisi moja mama yake akamleta mwenyewe, tukasalimiana, akaniambia mtoto huumwa tumbo siku ya michezo tu.

Wakuu, niliona aibu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imelainisha uwanja. Nguzo ikainama, kamba ikapinda: juu kwenye goli, chini kwenye nguzo. Nimeenda kuisimamisha, nikasikia nyuma yangu:

"Mwalimu, naomba nirukie huku chini."

Rehema huyo. Nilishaweka filimbi mdomoni nimkatalie. Nikaitoa. Nikawaambia leo hatoki mtu, kila mmoja achague pake pa kurukia.

Aisee, uwanja ulichangamka! Nilidhani wote watakimbilia chini, kumbe wapi. Mtoto akivuka, anasogea mwenyewe kule juu. Akigusa, anarudi kidogo, anajaribu tena. Mimi nikabaki kuangalia tu, na raha niliyosikia siwezi kuificha.

Rehema alianza usawa wa goti, akafika kiunoni. Kengele imelia, bado anaomba:

"Mwalimu, moja ya mwisho, pale juu."

Akagusa. Akajipangusa tope, akacheka.

Nilichojifunza: miaka yote nilikuwa nawakalisha walewale waliohitaji kuruka zaidi.

Alhamisi iliyofuata nimeingia ofisini, kamba hakuna. Kufika uwanjani, Rehema ameshaifunga, imepinda vilevile, ananisubiri.

Walimu wa Dumila, Lumuma, Mikumi na kwingineko, nyie mnawaachia watoto waamue nini? Na wewe uliyewahi kukalishwa pembeni, karibu useme ulikuwa unatorokea wapi.