Mbuzi ya Nazi Iliyomshika Dada

Sogea karibu, kaa vizuri, nikusimulie polepole. Haya sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwapo, kwa macho yangu haya mawili, tena mchana kweupe, jua la utosi. Ukitaka kucheka, cheka tu. Dada yangu naye hucheka siku hizi, na yeye ndiye yaliyomkuta.

Tulitoka Nguvumali karibu na adhuhuri, mimi na dada Mwanakombo, kwa gari lake dogo, tukienda Maramba kwenye harusi ya binamu yetu. Dada ndiye aliyekuwa akingojwa kumpamba bibi harusi.

Tulipokwisha kupita Mabokweni, kando ya barabara, tukafika kwenye uwanja ambao wasafiri wengi hupenda kusimama. Fundi mmoja wa saruji, marehemu sasa, aliujaza sanamu: mwanamume juu ya baiskeli ya kweli iliyoshika kutu, wazee wawili wanacheza bao, wanawake wanne wamekaa duara wanakuna nazi, hereni zao vizibo vya soda. Macho hawana. Inasemekana fundi aliogopa siku ya kiama asije akaambiwa, "Haya, zitie na roho." Basi akaziacha nyuso tupu, laini kama yai.

Katika lile duara la wanawake palikuwa na mbuzi ya tano, ya mti hasa, yenye ulimi mkali wa chuma. Haikuwa na mtu. Sasa hapa nikueleze kosa letu, maana ndiyo faida ya kisa chenyewe. Kwetu pwani huingii uani kwa mtu bila hodi, na hukalii mbuzi ya mwanamke mwingine bila kumwomba. Sisi tuliona saruji tupu, tukasema hodi ya nini? Dada akakusanya gauni lake, akajitupa juu ya ile mbuzi.

"Nipige picha, mdogo wangu. Leo niite Bi Saruji!"

Nikampiga. Nikasema twende, tunachelewa. Akajaribu kusimama, asisimame.

"Acha mzaha, dada."

"Wallahi magoti hayakunjuki!"

Nikamshika goti. Niamini, lilikuwa baridi na gumu, lina chembechembe za mchanga, kama ukuta usiopigwa rangi.

Ndipo nikasikia fagio. Bibi mmoja mnene, kajifunga kanga mbili, alikuwa akifagia uwanja nyuma yetu. Nikashukuru Mungu, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua uso.

Fagio la chelewa za mnazi huacha mistari mchangani, sivyo? Lake halikuacha hata mmoja.

"Bibi," nikasema, "dada yangu kanasa."

"Hakunasa. Kakaa pangu. Mume wangu kawatengeneza mashoga zangu wote, mimi nilipokufa mkono wake haukuweza, akaniachia mbuzi tupu. Nazi zangu zinangoja. Wa kuzikuna ndiye huyu kapatikana."

Dada akaanza kulia. Mkono wake ukawa unakwenda mbele na nyuma wenyewe, na nazi hana. Ukijivu ukampanda kutoka magotini, ukashika mapaja. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Kwa hofu nikakwama katikati. Unajua nini kilitokea? Yule bibi akanimalizia! Taratibu, bila kukosea hata herufi.

Hapo ndipo akili ilinirudi. Nikajiambia, huyu si shetani. Huyu ni Muislamu mwenzangu, ila amekufa. Na nani kati ya watu ana ruhusa ya kumkabili maiti bila woga?

"Bibi, kwenu hasa ni wapi?"

"Duga. Mdigo mimi."

Sisi ni Wabondei wa Muheza. Kama hukukulia kwetu, nikufafanulie. Mtani akija msibani, yeye peke yake anaweza kumkejeli maiti, kujilaza kaburini kabla yake, hata kuling'ang'ania jeneza lisitoke mpaka ligombolewe. Wafiwa hawakasiriki. Hucheka huku wanalia. Na bibi yetu mzaa mama alitufundisha tangu utotoni kwamba Mdigo ni mtani wetu.

Nikavua kandambili, nikajitupa chini palepale mbele ya fagio lake, miguu juu.

"Ala! Kumbe mtani! Ndiyo maana! Mdigo hata akifa uvivu haufi, bado anatafuta wa kumkunia nazi!"

Fagio likasimama.

"Kelele, Mbondei we! Unajua nini wewe habari za nazi? Kwenu tui kijiko kimoja, wali wa watu ishirini!"

"Na nyinyi mnamaliza sufuria wageni hawajanawa mikono! Sikiliza, mtani. Huyu dada nimemnyakua kwa utani, na hapa siondoki. Kama hutaki, nifagie na mimi!"

Akacheka. Lilikuwa cheko la mama wa shughuli siku ya harusi, mpaka akajishika kiuno. Na aliyecheka utani amekwisha kuukubali. Dada akachomoka pale kama kizibo cha chupa, akaanguka chali.

"Mchukue, mchukue! Mna makelele nyinyi!" akasema bibi. Nilipoinuka, palikuwa na fagio tu, limelala.

Maramba tulifika kabla ya alasiri. Dada alimpamba bibi harusi, akacheza ngoma kuwashinda wenye harusi, na mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Si tulikuwa tumemshinda maiti? Hata leo tukikumbuka tunagongeana viganja.

Lakini goti lake la kulia huwa baridi kila ifikapo adhuhuri, hata jua liwake vipi, na daktari haoni kitu. Jingine ni hili: dada, aliyezoea tui la pakiti, sasa anamaliza kukuna nazi mbili kabla moto haujashika. Majirani wanamletea zao. Mimi nikipita kwenye ule uwanja husimama nje, nikabisha hodi mara tatu, nikamkejeli mtani wangu kidogo, nikamwombea dua, nikaenda zangu.

Nawe usikalie kiti cha mtu kwa kuwa tu humwoni mwenyewe. Na leo, kabla hujalala, mwendee mkubwa wa kwenu, muulize watani wenu ni akina nani, uwashike kwa majina.