Maua ya Pareto kwenye Kona ya Mfereji

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Molo, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokaribia kubomoa nyumba ya mama wa watu kwa penseli.

Nilikuwa nimetoka chuoni, msichana pekee katika ofisi ya maji, na maringo yalikuwa yamenijaa. Wakulima waliogawiwa shamba la mzungu walikuwa wamechimba mfereji wa kuleta maji kwenye viazi vyao. Kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu kujua kama kingo zingehimili. Niliugawa mfereji kwenye karatasi vipande arubaini, nikahesabu kila kimoja hadi tarakimu sita baada ya nukta. Jibu likatoka kwamba kingo ni salama. Chini ya kona kali ya mfereji huo palikuwa na nyumba ya udongo ya Mama Nyokabi, mjane mwenye watoto wanne.

Siku ya kufungulia maji watu walikusanyika. Tulianza na maji nusu. Nilipotaka lango la maji lifunguliwe lote, Mzee Harjit, fundi Kalasinga mwenye kilemba kutoka Nakuru aliyelijenga lango lile, alikataa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni fundi wa mawe, hesabu aniachie mimi. Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Mzee hakukasirika. Alimwomba Mama Nyokabi konzi ya maua makavu ya pareto, akaniita pembeni, akayarusha majini. Yalikwenda vizuri mpaka kwenye kona. Hapo yakaanza kuzunguka, mengine yakarudi nyuma, na pale yalipozunguka maji yalikuwa yakimega udongo wa ukingo.

"Hesabu yako ni safi, mtoto yangu," alisema polepole. "Lakini hii maji inazunguka, umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Kwenye karatasi yangu maji yote yalikwenda mbele, kama watoto wa shule kwenye mstari. Tarakimu zangu sita zilikuwa zimepima kwa makini maji ambayo hayakuwepo.

Aliwageukia watu akawaambia tu kwamba bado tunapima, warudi wiki ijayo. Hakunitaja. Siku tatu tulikaa kwenye kona ile, yeye akirusha maua, mimi nikipima kwa saa mwendo wake. Vizunguko vidogo havihesabiki kimoja kimoja, basi tulitafuta namba moja ya kuviwakilisha vyote, nikaiingiza kwenye hesabu. Jibu jipya lilisema ukingo ungebomoka. Tukaujenga kwa mawe, lango likafunguliwa lote, na Mama Nyokabi akanipikia viazi kunishukuru. Nilimwambia amshukuru fundi.

Wewe leo, mwanangu, unahesabu kwa kompyuta mvuke wa ardhini unaozalisha umeme kule Olkaria, na vipande vyako ni mamilioni. Nafurahi kuliko ninavyoweza kusema. Lakini hata uvikate vidogo namna gani, kuna kizunguko kitakachopita katikati bila kuonekana. Kitengee nafasi yake. Na namba unayoiweka kwa niaba yake usiiamini kabla hujaenda kuitazama kazi yenyewe. Ukimkuta mwenzako amekosea, mrekebishe pembeni, kama nilivyorekebishwa mimi.

Mungu akujalie jicho la Mzee Harjit, na siku mkono wako utakapokuwa tayari kwenye lango, akuletee mtu wa kuuzuia.