Fahali wa Babu

Enzi zetu mwili wa mtu uliishia kitovuni, ukaanza tena mapajani. Hapo katikati paliitwa "kule". Mama akitupeleka mtoni kuoga alisimama juu ya jiwe akipiga kelele, "Sugua shingo! Sugua magoti! Na kule!" Shuleni, mwalimu wa sayansi alishusha rula kwenye picha ya mtu: kifua, tumbo, halafu rula ikaruka kama imeona nyoka, ikatua gotini. "Nakilini," akasema. Tukanakili.

Wakubwa walikuwa na majina yao, kila ukoo na lake. Wengine walisema mzigo, wengine jembe, wengine ofisi. Kwetu Kerende, watu wa ng'ombe, wanaume walisema fahali. Ulielewa mradi uwe wa boma lile.

Mwaka tuliohamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa mistari kama madawati, Babu aliugua. Aliacha maziwa ya mgando, akawa anakaa upande upande kwenye kigoda. Baba alikuwa mnadani na ng'ombe, kwa hiyo Mama akampeleka zahanati, mimi nikifuata na kibuyu cha maji. Babu Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, ikabidi Mama awe mkalimani. Mkwe na baba mkwe, ambao kwetu hata kutazamana usoni hawatazamani!

Babu akageukia dirishani, akasema kwa Kikurya kwamba fahali wake amevimba.

Hadi leo najiuliza: Mama hakuelewa, au alielewa akaona heri asielewe? Nimeliwaza hilo hata katikati ya mtihani wa chuo kikuu. Alichofanya ni kutafsiri neno kwa neno.

"Anasema fahali wake amevimba."

Mganga, kijana wa Pwani, akaweka kalamu chini. "Pole, mama. Lakini bwana mifugo ofisi yake ile pale, ng'ambo ya barabara."

Na wakavuka! Wote wawili, bila kupinga!

Bwana mifugo, Mkurya mwenzetu, alikuja na baiskeli na bomba la sindano la kutisha. Akakagua zizi zima, akapigwa teke, hakuona uvimbe. Akarudi kwa Babu, aliyekuwa ameegemea ukuta, jasho likimtiririka.

"Mzee, shikamoo tena. Nimewashika wote. Fahali yupi?"

"Waondoe wanawake kwanza."

Mama akanivuta nyuma ya nyumba. Kisha tukasikia, "Mama yangu! Mzee, huyu si wangu huyu!"

Ilikuwa ngiri, utumbo umebanwa. Bwana mifugo alikimbia mwenyewe kuomba lori la kijiji, wakamlaza Babu juu ya magunia hadi hospitali mjini Tarime. Daktari alisema wangechelewa hadi kesho yake, tungekuwa tunazungumza mengine. Babu akarudi akitembea, na hakuna aliyelitaja jambo hilo tena. Hakuna!

Vijana wa siku hizi wanajiona wako huru. Nenda Nyamisangura, pale mjini, uwasikie: gia, spana, spea, na kila wiki jina jipya linaingia kutoka mpakani Sirari. Wanayatangaza sokoni mbele ya mama zao. Lakini binamu yangu, bingwa wa majina hayo yote, alipougua kule kule alimwambia daktari ana malaria, akatibiwa malaria wiki nzima. Sisi tulikuwa na neno moja na bwana mifugo mmoja, na mzee wetu akapona.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amekaa upande upande kwenye kigoda kile kile. Akageukia dirishani.

"Fahali wangu hali majani vizuri," akasema.

Neno lenyewe nimelisoma, najua hata kuliandika. Lakini kulitamka mbele ya Baba! Nikawaza nitaanzaje, nikawaza atanionaje, nikawaza yale magunia kwenye lori.

"Baba," nikasema, "nimwite bwana mifugo?"

Akashusha pumzi.

"Mwite, mwanangu. Mwite leo."