Kiti cha Mwami Kilichopanda Ngomo

Niliingia katika chumba cha makumbusho kwa sababu ya mvua, si kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimerudi Bukavu wiki mbili tu, baada ya Kalemie, Kindu na Kisangani, na tayari miguu ilikuwa inaniwasha. Mimi ndivyo nilivyo tangu nimalize sekondari: nikiwa mbali naulilia mji huu, nikifika naanza kuuliza magari yanaondoka lini.

Kilikuwa chumba kimoja katika jengo la zamani la ofisi, juu ya ziwa. Vitu vya safari viliwekwa karibu na dirisha. Kulikuwa na kipoyi, kile kiti cha kubebea watu mabegani, mianzi yake imelainika pale ilipolala juu ya mabega ya wanaume. Kulikuwa na kengele ya shaba ya meli ya ziwani, na baiskeli isiyo na matairi. Katikati, juu ya meza fupi iliyotandikwa kitambaa chekundu, lilikaa gogo.

Nililitambua kabla ya kusoma karatasi yake. Gogo lile lilikaa mlangoni kwetu kilimani Kasha miaka yote ya utoto wangu, kila baba aliporudi safari. Mama alilichukia kwa sababu kila aliyeligusa alichafua nguo, na weusi wake haukutoka kwa sabuni. Lilikuwa la mbao ya libuyu, zito kama mtoto wa miaka mitatu, na tundu lenye kamba upande mmoja. Juu lilikuwa na bonde laini, chini misumari minne iliyotokeza vichwa.

Karatasi ilipigwa taipu vizuri: “Kiti cha mwami. Bushi. Cha zamani sana. Weusi unaoonekana ni wa mafuta ya kutawazwa.”

Hakuna mfalme wa Bushi aliyelikalia; weusi ule ulikuwa mpira wa tairi. Baba yangu alikuwa boi-shofa, jina walilopewa wasaidizi wa madereva hata walipoota mvi. Lori lilitoka Luvungi limejaa pamba, likafika Ngomo, na kwenye kona za mlima ule injini ilichoka. Baba alipanda mlima mzima kwa miguu nyuma ya lori, kamba mkononi. Lori likisita, alitupa gogo chini ya tairi la nyuma kabla halijaanza kurudi. Siku moja alichelewa kidogo tu, na tangu siku hiyo mguu wake wa kushoto una vidole viwili. Na lile bonde la “kiti” lilikuwa miaka ya matairi yaliyokalia mti.

Biashara za wageni zilipogawiwa wananchi, gereji ya bosi wake ilipewa mtu asiyejua hata kufungua boneti. Ilikufa mwaka uleule. Siku hiyo gogo lilikuwa juu ya lori, likabaki humo pamoja na mengine, na kumbe watu wa makumbusho walipita kuokota.

Msimamizi wa makumbusho alikuwa mpole, koti lake la abakosti limefungwa hadi shingoni. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akaniambia nilete barua yenye mashahidi, yenye muhuri wa zone, ofisi ya serikali ya mtaa wetu. Nilikwenda zone mara tatu. Mara ya kwanza katibu hakuwepo, mara ya pili utepe wa mashine ya taipu ulikuwa umekwisha, mara ya tatu ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya umma, na wote walikuwa wanafyeka majani barabarani. Nilirudi kwa msimamizi mikono mitupu.

“Citoyen,” aliniambia, “wewe uko mutoto wake. Mutoto anaweza kusema kila kitu juu ya baba yake.”

Basi nikapanda Kasha kumwambia baba. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Bado aliona umbo la mtu, lakini sura aliipoteza. Akauliza kama kitambaa kile chekundu ni kizuri. Nikasema ni kizuri. Akasema hataki jina lake liandikwe. Anataka neno moja tu kwenye ile karatasi: Ngomo. Na anataka kuliona gogo lake yeye mwenyewe, kabla macho hayajafunga kabisa.

Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kuleta mihogo kutoka Kavumu. Siku ya tano ndipo alipopata mafuta. Tulimkalisha baba mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia.

Katika chumba kile baba hakuangalia kipoyi wala kengele. Nilimwongoza hadi mezani, akaweka kiganja ndani ya bonde la gogo, akakiacha hapo. Msimamizi alimuuliza kwa heshima: muzee anakumbuka ni mwami gani aliyekuwa anakikalia?

“Mwami alikuwa anakaa mbele na shofa,” baba akasema. “Miye nilikuwa nyuma.”

Hata sentineli, mlinzi wa mlangoni, alicheka. Kisha baba akaomba gogo litolewe nje. Ua wa makumbusho unateremka kuelekea ziwani, kama kila kitu katika mji huu, na pikapu ya makumbusho ilisimama pale kwa mawe mawili kwa sababu breki ya mkono ilikuwa imekufa. Baba alisema mawe yaondolewe. Msimamizi alisita, halafu akakubali, mradi sentineli akae ndani na mguu kwenye breki. Baba alishika kamba, akalisukuma gogo kwa kisigino cha ule mguu wa vidole viwili, akamwambia sentineli aachie breki. Gari lilirudi kiasi cha shubiri moja, likakaa. Misumari iliuma udongo. Tairi lilijaa ndani ya lile bonde kama lilichongewa humo.

Msimamizi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Alisema ameelewa. Alimshika baba mkono kwa mikono miwili, akaniambia niandike maneno yanayofaa, naye atayapeleka kupigwa taipu. Niliandika usiku uleule, mistari minne kwa mwandiko wangu bora, na Ngomo kwa herufi kubwa.

Nilipoyapeleka wiki iliyofuata, juu ya kitambaa chekundu kulikuwa na chungu.

“Mulinionyesha wenyewe,” msimamizi akasema. “Ile iko kitu ya motokari. Hapa tunaweka vitu vya bankambo, vya mababu.”

Nikamwonyesha kengele. Nikamwonyesha baiskeli. Akasema hizo zimekwisha kuingia katika rejista na wakubwa kutoka Kinshasa wamekwisha kuziona. Nikamwomba basi atupatie gogo letu turudi nalo nyumbani. Haiwezekani, akasema, lina namba, ni mali ya Serikali. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Kama ningenyamaza siku ile ya mvua, gogo la baba lingekuwa bado juu ya meza, chini ya uongo, lakini mahali pakavu.

Nilipotoka nililiona. Lilikuwa uani, chini ya tairi la pikapu, limelowa, namba yake nyeupe imeandikwa ubavuni. Mawe yalikuwa yamesukumwa ukutani.

Njia nzima ya kupanda Kasha nilitafuta uongo wa kumwambia. Baba alisikia hatua zangu.

“Waliandika?”

“Hapana, papa.”

“Basi iko wapi?”

Nikamwambia. Akauliza ni tairi gani. Nikasema ya nyuma, ya kushoto.

“Na inashika?”

“Inashika.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya ndugu aliyefika safari. Kisha akauliza misumari iko upande gani. Nilipomwambia kwamba gogo walililaza ubavu, alikasirika, mara ya kwanza katika jambo hili lote. Akanituma nirudi kesho yake kuwaambia waligeuze, ama siku moja gari litaingia ziwani. Nami nilimkasirikia yeye pia. Nilitaka adai kitambaa chekundu. Yeye alidai misumari.

Nilirudi. Sentineli aligeuza gogo bila ubishi, akalipiga teke mpaka misumari ikaingia. Ofisi ilikuwa imefungwa. Nilitoa mfukoni ile karatasi ya mistari minne, nikaisukuma chini ya mlango. Ilikwama nusu, kona moja ikabaki nje, nikaisukuma tena kwa kidole hadi ikaingia yote. Kisha nikateremka mjini kuuliza gari la Uvira linaondoka lini.