Kipanya cha Kamanda

Ofisini walimwita Cherehani, na ukimsikia akichapa hukuuliza sababu. Miaka kumi na minne alichapa hukumu za mahakama ya ardhi, vidole vinakwenda trrr bila kupumua. Halafu siku moja ya upepo mlango wa chuma wa masjala ukambana vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mifupa iliunga, lakini vidole vikakataa kukunjika. Kilichobaki na nguvu zake ni dole gumba.

Likizo ya ugonjwa haijaisha, waraka ukatoka: mwaka huu wachapaji wote watapimwa upya, wakianza waliotoka kuugua. Hukumu inasomwa dakika kumi na tano, unaichapa inavyosomwa, kisha unapewa dakika tano za kusahihisha. Makosa matatu yanavumiliwa. La nne, kazi huna.

Nyumbani alilia siku mbili. Siku ya tatu mumewe akasema, "Acha kilio, njoo uone kitu."

Mume ni kinyozi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, ila akitoka kazini hukaa kwenye kompyuta kupigana vita vya michezo, na huko wenzake humwita Kamanda. Mkewe alikuwa akimtania kila siku: "Kamanda, vita vimeisha tule?" Sasa Kamanda akamkabidhi silaha yake, kipanya cha kuchezea michezo, kinene, chenye vitufe kumi na viwili ubavuni pale dole gumba linapokaa. Kwa programu ya kile kipanya akapanga maneno kwenye vitufe tisa. Ukibonyeza cha kwanza, "Mlalamikaji" linajiandika lenyewe. Cha tatu, "Mahakama hii tukufu". Cha nne, "kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa mbele yetu". Mkono wa kushoto ukachapa herufi, dole gumba la kulia likamwaga yale maneno mazito ambayo wanasheria hawawezi kuishi bila kuyarudia.

Wiki sita alifanya mazoezi. Wiki ya mwisho alimaliza hukumu nzima na dakika ikabaki, Kamanda akacheza sebuleni na taulo la kinyozi begani.

"Kesho beba kipanya tu," akamwambia. "Kila kitu kimo humo."

Mungu amsamehe, aliamini anachosema.

Asubuhi, saa mbili na dakika ishirini, Cherehani alichomeka kipanya kwenye kompyuta ya chumba cha mtihani. Akajaribu kitufe cha kwanza. Ikatokea 1. Akajaribu cha tatu. Ikatokea 3. Akabonyeza vyote tisa, akapata safu ya namba na hakuna neno hata moja. Akatoka mbio mpaka ukumbini na simu sikioni.

"Mume wangu, kinatoa namba!"

Mashine ya kunyolea ikazimwa. "Programu iko wazi?"

"Programu gani? Hapa hakuna programu!"

"Basi maneno yamebaki huku nyumbani," Kamanda akasema. "Nilidhani yamo ndani ya kipanya. Kumbe bila programu kinajua namba zake tu. Mke wangu, nilidhani..."

"Ulidhani!" Akakata simu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alizaliwa pale ukumbini, zikiwa zimebaki dakika saba mtihani uanze.

Alimkimbilia fundi wa kompyuta za mahakama, akamwomba aiweke hiyo programu. Fundi hata hakuinuka. "Dada, programu ya michezo kwenye kompyuta ya mahakama? Unataka tufukuzwe wawili?"

Alirudi kitini shati limemganda mgongoni. Mbele alikuwa amesimama mkuu wa wachapaji, Mama Nukta, aliyepewa jina hilo kwa sababu nukta ikikosekana ukurasa wa arobaini yeye ataiona kutoka mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa sweta kama kawaida yake siku hizi. Wa kushoto umeshika saa ya kupimia. Hakuwahi kumwonea mtu huruma ya nukta, na wala hakuanza siku hiyo.

"Tayari? Haya."

Sauti ya hukumu ikaanza kutoka kwenye spika. Cherehani akachapa kwa mkono wa kushoto, na lilipofika neno "Mlalamikaji", dole gumba likajibonyezea lenyewe. Wiki sita si mchezo. Kwenye ukurasa ikakaa 1. Alitaka kuifuta, sauti haikumsubiri. Ikaja 3. Ikaja 4. "1 aliieleza 3 kwamba..." Upuuzi mtupu! Machozi yakamlenga.

Ndipo akili ikamjia. Mchapaji yeyote anajua kuiamuru kompyuta itafute neno na kuliweka jingine mahali pake, kote kwa mpigo. Ziache namba zikae. Moja ni mlalamikaji, tatu ni mahakama; mwishoni atazibadilisha. Ee Mungu, dakika tano zitoshe!

Akaenda sasa, kushoto herufi, kulia namba, na ile trrr ya zamani ikaanza kusikika. Mpaka msomaji aliposema kiwanja namba mia nne thelathini na saba. Akachapa 437, na moyo ukamlipuka paa! Akibadilisha namba zote, kiwanja cha watu kitageuka mahakama na ushahidi. Kuanzia hapo kila namba ya kweli akaiandika kwa maneno, kwani hukumu inaruhusu. Zile alizokwisha kuchapa ilibidi azikumbuke kichwani.

"Kalamu chini. Dakika tano za kusahihisha."

Akakirekebisha kiwanja. Akarekebisha mwaka. Akaanza kubadilisha: moja, mbili, tatu, kila amri kwa kidole kimoja kimoja. Ya tisa ilikamilika Mama Nukta akiwa ameshafungua mdomo kusema basi.

Mama Nukta alisoma karatasi akiwa amesimama, rula kwapani. Nukta moja haipo: kosa. Herufi mbili zimepishana: kosa. Kisha akasoma kwa sauti, "'Shauri lilifunguliwa tarehe Mlalamikaji mwezi wa nane.'" Akainua macho juu ya miwani. "Tarehe Mlalamikaji ndiyo tarehe ngapi, mwanangu?"

"Moja, Mama." Akamweleza yote, kipanya, Kamanda, namba, bila kuficha. Lawama ni lawama, heri aipate akiwa amesema kweli.

Mama Nukta akainama kukitazama kipanya. "Sisi tulifundishwa hivyo hivyo," akasema. "Alama fupi kwanza, maneno baadaye. Hati mkato hiyo, si wizi." Akarudi kwenye karatasi. Ukurasa wa tatu. Wa nne. Wa tano akausoma mara mbili, na Cherehani akashika ukingo wa meza.

"Makosa matatu," Mama Nukta akasema. "Yanayoruhusiwa ni matatu. Jumatatu uripoti kazini."

Cherehani alilia waziwazi, akamshukuru, akaanza kuzungusha waya wa kipanya ili aondoke. Mama Nukta akaenda kuufunga mlango. Akautoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka mezani. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kujikunja ndani. Hata kalamu visingeshika.

"Mwaka wa pili huu," akasema polepole. "Barua zangu mnaziandika nyinyi, mnadhani ni ukubwa. Mwezi ujao zamu ya kupimwa ni yangu, na waraka nimeusaini mwenyewe."

Cherehani akaufungua waya, akakichomeka kipanya tena. Akaushika ule mkono kwa uangalifu, akaulaza juu yake, akatafuta dole gumba.

"Bonyeza hapa, Mama."

Ikatokea 1.