Likizo ya Kuamsha Kompyuta

Kompyuta yetu ilinukia vumbi lililopata moto, na juu yake udi, maana Mama hakuanza kazi yoyote ya maana kabla ya kufukiza chumba. Ilikaa mezani sebuleni, nyumbani kwetu kisiwani, kijiji cha Matondoni, na Baba, aliyekuwa mwalimu, aliitumia kuchapia mitihani. Likizo moja, nikiwa darasa la tano, Mama aliitwaa. Mdogo wake, Mjomba Athmani, alikuwa anaoa, naye alitaka kofia ya vito, yenye darizi ya vitundu vidogo, kama ile aliyoivaa babu siku ya harusi yake. Kofia yenyewe ilishaliwa na nondo; iliyosalia ilikuwa picha tu. Baba aliiingiza kwenye kompyuta, akaikuza hadi kila kitundu cha darizi kikaonekana.

Mama aliketi mkekani, kitambaa mapajani, akihesabu vitundu kwenye skrini na kuvishona kimoja kimoja. Lakini kila baada ya dakika chache skrini ilizimika, na mikono yake yote ilikuwa kazini. "Imelala tena! Rukia, ndoo uiamshe," aliniita kwa lahaja ya kwao, yaani nije. Basi kazi yangu ya likizo ikawa kuketi kando ya kipanya na kukitikisa. Nilisikia wenzangu wakikimbizana nje, wala sikuwaonea wivu, kwa sababu Mama akishona alisimulia: jinsi yeye na Mjomba walivyoiba tende za wageni, jinsi alivyoogopa siku yake ya kwanza chuoni, kusoma Kurani. Mambo hayo hakuyasema akiwa jikoni.

Wiki moja kabla ya harusi, skrini ikaanza vituko. Mstari wa zambarau uliikata picha katikati, na maua yakaonekana mawili mawili. Mama hakutambua kwamba amekosea hadi alasiri, alipokikunjua kitambaa akakuta ua lenye petali nane badala ya sita. Akaanza kufumua, uzi kwa uzi, kazi ya siku mbili. Siku hiyo hakusimulia chochote.

Asubuhi Baba alikuja na punda wa kuazima. "Hii imekwisha. Naipeleka mjini kwa fundi."

"Na ikirudi harusi imeshapita?" Mama aliuliza, macho bado kwenye skrini, akiwahi kuhesabu safu moja zaidi.

Baba aliisogelea meza. Akaikumbatia skrini, akaiinua.

"Simama hapo hapo!" Mama alipiga ukelele. Picha ilikuwa imetulia. Baba akaishusha, mstari ukarudi, akaiinua, ukatoweka. Alisimama ameikumbatia, hajui aende wapi nayo, nasi tukacheka hadi Mama akadondosha sindano. Nikapenya nyuma ya meza, nikaukuta waya wa skrini umelegea. Tulizima kila kitu, tukauchomoa: ncha zake zilikuwa na ukungu wa kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Baba akazisugua kwa mswaki mkavu, akaurudisha, akazikaza skrubu zake mbili. Picha ikasimama imara, na punda akarudi kwao bila mzigo.

Kwa kiburi cha ushindi, nikaingia kwenye mipangilio. Kwa Kiingereza changu cha shule nilisoma orodha baada ya orodha, hadi nikaupata muda wa kulala: dakika kumi. Nikachagua neno la mwisho kabisa, lenye maana ya kamwe. Tukangoja. Kumi zikapita, na kumi nyingine. Skrini haikuzimika. Mama akapiga kigelegele. "Ahsante, mwanangu. Sasa nenda kacheze."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimejiachisha kazi mwenyewe. Nilifika mlangoni, nikarudi. Mama aliniona. Alisogea kidogo mkekani, akanipa sindano nimtungie uzi, akaanza kisa kipya. Kofia ilikamilika siku moja kabla ya harusi, na Mjomba alijitazama kiooni hadi akaitwa mara tatu.

Leo nafanya kazi Mombasa, mbele ya skrini mbili. Zikisumbua, fundi nisiyemjua huzirekebisha kutoka mbali, na baada ya dakika tano nimeshasahau. Ni rahisi, sina la kulalamika. Ila juzi nilimkuta binti yangu akihangaika na kompyuta yake, picha imegeuka miguu juu. Dawa yake naijua. Ni kubofya mara mbili tu. Nikavuta kiti, nikaketi kando yake. "Sijui, mama," nikamwambia. "Hebu tuitafute pamoja." Ilituchukua saa nzima.